Ukuta Uliofanya Kazi ya Mivukuto

Nyumba ya miti, udongo na nyasi haina maisha marefu kwenye nyanda za juu za Ufipa. Mchwa huanza na nguzo, mvua humalizia kuta. Vibanda vya wavuvi kule chini, kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, navyo hujengwa upya mara kwa mara. Lakini katika mashamba na mapori ya Nkasi na Sumbawanga bado yapo majengo ya udongo mtupu, yasiyo na nguzo wala paa, ambayo yamevuka masika mengi kuliko nyumba za walioyajenga. Haya ni malungu, matanuri ambamo Wafipa walitoa chuma kwenye mawe.

Ilungu moja lina kimo cha takriban mita 3, pana chini, jembamba juu, na kileleni liko wazi. Kazi ilianzia kwenye kichuguu, kwa sababu udongo wake ni laini na unanata, na ndiyo maana malungu mengi yako jirani na vichuguu: nani angebeba mzigo ule kutoka mbali? Mabonge mabichi yalipandanishwa duara juu ya duara, ukuta ukiingia ndani kidogo kidogo. Kwenye kitako yaliachwa matundu yapata 10, moja likiwa kubwa kama mlango, na humo ikapitishwa mirija ya udongo.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Hewa ikipata moto huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu. Ya baridi huvutwa kupitia mirija ili kujaza nafasi yake. Jengo likirefuka, mvuto huongezeka. Kwingineko Afrika mafundi wengi walitumia tanuri fupi na watu wa kuvukuta kwa zamu. Wafipa waliikabidhi kazi hiyo kwa kimo cha ukuta, wakalipia kwa makaa mengi na siku kadhaa za kusubiri.

Ndani, gesi ya makaa iliondoa oksijeni kwenye mawe. Chuma hakikuyeyuka, kwani huhitaji nyuzi 1,538 za Selsiasi. Takataka, yaani mavi ya chuma, ziliyeyuka mapema, kwenye nyuzi 1,200 hivi, zikachuruzika. Bonge lililobaki lilikuwa bado chafu, likasafishwa katika kitengwe, tanuri dogo ambalo, tofauti na ilungu, lilihitaji mivukuto. Kisha mhunzi akafua jembe.

Ilungu lilitunzwa kama bibi harusi, na mafundi walijizuia na wake zao hadi kazi iishe. Naiona miiko hiyo kuwa sehemu ya ufundi: iliwaweka pamoja, macho yao kwenye moto.

Majembe ya viwandani yaliizima kazi hii katika karne ya 20. Kuta zimesalia kwa sababu moto uleule ulizichoma ndani zikawa tofali moja. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichunguza pamoja na mavi ya chuma yaliyolala pembeni. Mkulima akilima hadi ukutani, ilungu laweza kubaki wima, lakini mabaki hayo na vipande vya mirija hutawanyika, na humo ndimo unamosomwa mwenendo wa moto.