Mtumishi wa Sinema: Kazi ya Hattie McDaniel

Huenda baadhi yenu mmekwisha kuiona ile filamu ndefu ya Marekani iitwayo Gone with the Wind, ambayo kwa Kifaransa huitwa Autant en emporte le vent. Ilitolewa mwaka 1939, nayo huchukua karibu saa 4. Watu huitazama kwa ajili ya mavazi, na moto wa mji wa Atlanta, na ugomvi wa wale wapenzi wawili. Sisi leo twapenda kuwaonyesha mtu mwingine: yule mama mnene mweusi, mwenye kitambaa kichwani, asimamaye nyuma ya kiti cha bibi yake. Katika filamu anaitwa Mammy tu. Hakupewa jina la ubatizo wala jina la ukoo. Lakini aliyemcheza alikuwa na majina yote mawili, Hattie McDaniel, na swali letu ndilo hili: alifanya vema kukubali kucheza hivyo?

Swali hili si la Wamarekani peke yao. Sisi twalijua neno boyi. Wazee wetu waliopika na kufua nyumbani mwa Wazungu waliitwa boyi, hata walipokuwa na wajukuu. Basi tukimwona mama mzima akiitika «ndiyo bibi» mbele ya msichana wa miaka 16, hatuwezi kucheka kama wachekavyo watu wa mbali.

Hattie alizaliwa Wichita, katika Kansas, tarehe 10 Juni 1893, mtoto wa mwisho katika jamaa kubwa na maskini. Baba yake Henry alizaliwa mtumwa. Akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya 1861 hata 1865, halafu akawa mhubiri wa Kibaptisti. Jamaa ikahamia Denver, huko Colorado. Hapo msichana alipata nishani mwaka 1910 kwa kusema shairi mbele ya watu, akaacha shule ili afuatane na kaka zake waliokuwa na kundi la michezo.

Yatupasa kueleza michezo hiyo ilikuwaje, maana bila kuielewa hatutamhukumu kwa haki. Wazungu wa Marekani walikuwa na desturi ya kujipaka masizi usoni na kuigiza watu weusi kuwa wajinga, wavivu, wenye kucheka ovyo. Baadaye weusi wenyewe, wakitafuta mkate, waliingia jukwaani wakaigiza yale yale, wakajipaka hata wao. Hattie na dada yake Etta waliunda kundi la wanawake watupu huko Denver. Waliochunguza maisha yake wanasema kwamba aliugeuza mchezo: alimchezea yule mlezi mweusi wa nyumba ya Wazungu kwa dhihaka, mbele ya watu weusi walioelewa dhihaka hiyo. Kwa hiyo tusifikiri kwamba alikuwa mama wa shamba aliyeokotwa na watu wa sinema. Alikijua kinyago hicho kabla hawajamvika.

Karibu mwaka 1925 aliimba katika redio ya Denver, wakati redio yenyewe ilikuwa bado jambo jipya. Akatoa pia sahani za muziki wa blues. Mwaka 1929 fedha ya Marekani ilipoanguka, kundi alilosafiri nalo likavunjika, naye akabaki Milwaukee bila kazi. Akapata kazi ya kuwapa wanawake taulo katika choo cha nyumba moja ya dansi. Usiku mmoja wakamwacha aimbe. Tangu hapo hakurudi tena chooni. Mwaka 1931 akafika Los Angeles, akaingia katika kipindi cha redio, akajulikana kwa jina la «Hi-Hat Hattie». Mshahara ulikuwa mdogo hata ikambidi kuendelea kuosha vyombo vya watu. Ndiyo hali yake ya kuchekesha na kuhuzunisha: akitoka redioni alikuwa mtumishi, na akiingia katika sinema walimpa kuwa mtumishi.

Filamu zake za kwanza tutazipita upesi. Mara nyingi jina lake halikuandikwa hata mwishoni. Lakini yafaa kusimama mbele ya Alice Adams, ya mwaka 1935. Msichana wa jamaa isiyo na mali, ambaye ni Katharine Hepburn, amemkaribisha kijana tajiri kwa chakula cha jioni. Jamaa imekodi mtumishi kwa saa chache ili ionekane kuwa na cheo. Mtumishi huyo, Malena, ndiye Hattie. Joto ni kali, supu ni ya moto, kofia yake yateleza juu ya jicho, naye atafuna polepole huku akiwatazama hawa wanaojifanya wakubwa. Hasemi neno la kuwashtaki. Macho yake tu yaonyesha kwamba amekwisha kuelewa yote: kwamba kofia hiyo si yake, na ukubwa huo si wao. Kila mara aingiapo mlangoni uwongo wa nyumba wafunuliwa kidogo. Mwandishi alimweka pale ili tumcheke, nasi twacheka. Lakini mwisho twawacheka wenye nyumba.

Sasa twende kwa Mammy. Hadithi yenyewe ya Gone with the Wind ni ya uwongo katika jambo kubwa: yaonyesha utumwa kuwa kama ukoo wenye heri, ambamo watumwa walia Wazungu wanaposhindwa vita. Hilo hatulifichi, wala hatuwezi kulisamehe kwa sababu ya uzuri wa picha. Magazeti ya weusi ya Marekani yalipiga kelele hata kabla ya filamu kumalizika, na mwenye kuitengeneza, David Selznick, akakubali kuondoa tusi moja baya wanaloitwa watu weusi. Uwongo wenyewe ulibaki.

Na ndani ya uwongo huo Hattie alifanya nini? Tazameni mwanzoni, anapomfunga Scarlett kamba za kiunoni na kumlazimisha kula kabla ya kwenda kwenye sherehe. Yeye ndiye mlinzi wa adabu nyumbani. Ajua kila uwongo wa msichana kabla haujatoka kinywani, na sura yake yasema «nakuona». Baadaye Rhett Butler anampa zawadi ya nguo nyekundu ya ndani, na baada ya siku nyingi, mtoto alipozaliwa, Mammy ainua kidogo pindo la gauni ili bwana aone kwamba ameivaa. Ni jambo dogo sana. Lakini katika tendo hilo twaona mtu mwenye kiburi chake, mwenye kusamehe kwa wakati aliouchagua mwenyewe.

Kisha kuna ngazi. Karibu na mwisho wa filamu mtoto wa Rhett amekufa kwa kuanguka juu ya farasi mdogo. Melanie, rafiki wa nyumba, amefika, na Mammy apanda naye ngazi akimsimulia. Kamera yapanda pamoja nao. Asimulia jinsi baba na mama walivyoshtakiana, na jinsi baba asivyokubali mtoto azikwe, kwa sababu mtoto aliogopa giza. Hattie hapigi kelele. Sauti yakatika, yaendelea, mkono wafuta uso, mguu watafuta kipandio kingine. Katika zile saa 4 zote, nadhani hakuna dakika nyingine yenye ukweli kama hizo. Hata hivyo yatupasa kusema neno jingine: Mammy alia kwa ajili ya mtoto wa watu. Je, yeye alizaa? Alimzika nani? Filamu haikuuliza. Imemkopa machozi, haikumwachia kaburi lake mwenyewe.

Tuiweke kando ya hiyo filamu isiyojulikana sana, In This Our Life, ya mwaka 1942. Humo Hattie ni Minerva Clay, tena mtumishi, lakini mara hii ana jina na ana mwana. Bibi mmoja wa nyumba amemgonga mtoto kwa motokaa akamwua, akamsingizia mwana wa Minerva, kijana anayesomea sheria. Minerva aeleza kwamba mwanawe alikuwa nyumbani usiku ule, na kwamba polisi hawasikilizi kijana mweusi. Anayemsikiliza ni Olivia de Havilland, yule yule aliyepanda naye ngazi kama Melanie. Sauti ni ile ile, huzuni ni ile ile, lakini sasa huzuni ina mwenyewe. Dakika chache tu! Zatosha kutuonyesha alichoweza, na kiasi walichomnyima.

Tarehe 29 Februari 1940 alipewa tuzo ya Oscar kwa kumcheza Mammy, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa ameshindana na Olivia de Havilland huyo huyo. Karamu ilifanyika katika hoteli ya Ambassador, ambayo haikupokea weusi; ikabidi Selznick aombe ruhusa ili aingie. Aliketi kwenye meza ndogo ya kando, mbali na wenzake wa filamu. Huko Atlanta, Desemba 1939, filamu ilipofunguliwa kwa shangwe, wachezaji weusi hawakuweza kuhudhuria. Alipopokea tuzo alisema anatumaini kuwa heshima kwa watu wake na kwa kazi ya sinema. Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991.

Walipomsema, hawakumsema Wazungu tu. Walter White, mkuu wa chama cha NAACP, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kudai kwamba weusi waonyeshwe kama watu wa kila namna, siyo watumishi tu. Hattie alikasirika, akaona wanamnyang'anya mkate. Sisi twaona kwamba White alikuwa na haki kuhusu sinema, wala hakuwa na haki yote kuhusu Hattie. Asiye na kalamu haandiki hadithi. Lakini hatutaki pia kumfanya mtakatifu. Song of the South ya mwaka 1946 ilikuja wakati jina lake lilikwisha kuwa kubwa, nayo yarudia ule uwongo wa watumwa wenye furaha. Hapo angeweza kukataa.

Na Kanisa letu? Tuseme ukweli. Maaskofu wa Marekani walianzisha Legion of Decency katika miaka ile ya 1933 na 1934 ili kuwaepusha waamini na filamu chafu, na Baba Mtakatifu Pio XI aliisifu katika barua yake Vigilanti Cura ya mwaka 1936. Walifanya kazi iliyohitajiwa. Lakini walipima mabusu, talaka, marefu ya magauni; dharau kwa mtu mweusi hawakuiweka katika orodha ya machafu. Kanuni za sinema, ambazo Padri Daniel Lord, Myezuiti, alishiriki kuziandika mwaka 1930, zilikataza hata kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, kana kwamba hayo ni uovu. Nako kwetu, wakati wa Wabeligi, serikali ilichagua filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kutazama, kwa hofu kwamba angejifunza kuwadharau Wazungu. Hofu ya kinyume chake haikuwasumbua. Twamkumbuka yule kijakazi wa mke wa Naamani, katika Kitabu cha pili cha Wafalme: Maandiko hayakuandika jina lake, lakini yaliandika kwamba yeye ndiye aliyejua dawa.

Katika redio alipata ushindi wa ajabu. Kulikuwa na kipindi kiitwacho Beulah, cha mtumishi mweusi, na sauti ya Beulah ilikuwa ya mwanamume mzungu, Marlin Hurt! Huyo alikufa mwaka 1946, na baada ya mzungu mwingine kujaribu, Novemba 1947 Hattie alishika nafasi hiyo katika redio ya CBS, kwa mshahara wa dola 1000 kwa juma. Aliweka sharti kwamba hatasema kile Kiingereza kilichovunjwa makusudi ili watu wacheke. Hadithi zenyewe zilikuwa nyepesi, na Beulah alibaki jikoni. Ila sauti ya mwanamke mweusi ilirudishwa kwa mwanamke mweusi. Mwaka 1951 alianza kuicheza Beulah katika televisheni, akaugua baada ya vipindi vichache.

Nje ya sinema hakuwa Mammy hata kidogo. Majirani wazungu walipokwenda barazani kutaka weusi wafukuzwe katika mtaa wake wa Los Angeles, yeye na wenzake walisimama pamoja, na Desemba 1945 hakimu akatupa mashtaka yale. Alikufa tarehe 26 Oktoba 1952 kwa kansa ya ziwa. Aliomba azikwe katika makaburi ya Hollywood. Wakamkataa kwa ajili ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Tuzo yake aliiacha kwa chuo kikuu cha Howard, nayo ikapotea huko. Mwaka 2023 chuo kilipewa nyingine mahali pa ile.

Kama parokia yenu itaonyesha Gone with the Wind, msiizime mashine kabla ya mwisho kwa sababu watoto wamelala. Ile ngazi iko katika nusu saa ya mwisho.