Vijitabu vya Kwanza vya Kiingereza na Ushahidi wa Lugha

Wanafunzi wetu wanapofundishwa historia ya Kiingereza huonyeshwa njia moja iliyonyooka: William Caxton aleta matbaa Westminster katika mwaka 1476, kisha yaja Biblia, kisha Shakespeare, na mwisho zaja kamusi. Njia hiyo si ya uongo, ila ni nyembamba mno, na aipitaye hakosi kuacha kando sehemu kubwa ya yale yaliyotoka matbaani. Nakusudia kuipinga desturi hiyo, si kwa kuvidharau vitabu vikubwa, bali kwa sababu mengi tunayoyafundisha juu ya Kiingereza cha karne ya 15 mpaka ya 17 yamejengwa juu ya ushahidi uliochaguliwa na watu waliokuwa na haja nyingine kabisa.

Tuanze na Caxton mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza, nacho ni hadithi za Troya alizozifasiri kutoka Kifaransa, hakikupigwa chapa Uingereza. Kilitoka Flanders yapata mwaka 1473 au 1474. Aliporudi kwao alipiga chapa mashairi ya Chaucer na vitabu vingine vinene ambavyo kila mwanafunzi huvitaja. Lakini yapata mwaka 1477 alitoa pia kijikaratasi kidogo, kipana kuliko kiganja cha mkono kwa kiasi tu, kuwatangazia watu kwamba anacho kitabu cha taratibu za ibada, kilicho sahihi na cha bei nafuu, na atakaye aje Westminster akinunue. Chini yake ameomba kwa Kilatini kwamba kijikaratasi hicho kisibanduliwe. Ombi hilo halikusikilizwa sana, kwani nakala mbili tu ndizo zijulikanazo, moja iko Oxford na moja Manchester. Mhakiki wa fasihi aweza kukipita. Mwanalugha hana ruhusa hiyo. Nathari nyingi ya Caxton ni tafsiri, na muundo wa Kifaransa waonekana ndani yake kama mifupa chini ya ngozi. Hapa, kinyume chake, twamsikia mwuzaji akisema na mnunuzi wake.

Wengi wetu twakijua pia kile kisa cha mayai alichokisimulia Caxton katika dibaji ya mwaka 1490: mfanyabiashara aliomba mayai kwa neno la kaskazini, egges, na mwanamke aliyezoea neno la kusini, eyren, akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Kisa hiki kimerudiwa katika vitabu vya isimu hata kimechakaa. Nashangaa kwamba wanaokirudia hawaendi hatua ya pili, yaani kuvitazama vitabu vya mapishi na vya dawa ambavyo wapiga chapa waliofuata walivitoa, ambamo mayai yametajwa mara nyingi, bila kisa, na watu waliokuwa na haja ya kuyapika tu.

Aina za maandishi hayo ni nyingi kuliko tudhanivyo. Wynkyn de Worde, aliyeirithi kazi ya Caxton na kuihamishia Fleet Street karibu na mwaka 1500, alitoa mamia ya vitabu, na sehemu kubwa yake ilikuwa sarufi ndogo ndogo za watoto wa shule. John Dorne, mwuza vitabu wa Oxford, ameacha daftari ya mauzo ya mwaka 1520, na humo twaona nyimbo za hadithi, za karatasi moja moja, zikiuzwa kwa nusu peni. Tuongeze hotuba za makanisani, habari za mauaji na za viumbe vya ajabu, mafundisho ya ufugaji, na takwimu, yaani zile kalenda za falaki zilizowaambia wakulima siku za kupanda na siku za kuumikwa. Katika miaka ya 1660 takwimu hizo ziliuzwa kiasi cha nakala 400,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo lilipo kosa ninalolilalamikia. Kamusi kuu ya Kiingereza, ile iliyokusudiwa London katika mwaka 1857 na kukamilishwa Oxford katika mwaka 1928, ilikusanywa na wasomaji wa kujitolea walionakili mifano kutoka vitabu walivyopewa au walivyovipenda. Walimsoma Shakespeare kwa uangalifu mkubwa. Wengine hawakusomwa vivyo hivyo. Jürgen Schäfer, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alimlinganisha Shakespeare na Thomas Nashe, mwandishi wa vijitabu wa zama zile zile, akaonyesha kwamba maneno ya Nashe yaliponyoka mikononi mwa wasomaji hao mara nyingi zaidi. Basi tunaposema kwamba Shakespeare alibuni maneno mengi kupita wote, huenda tunapima bidii ya wasomaji wa karne ya 19 na kuiita kipaji cha mshairi. Hata hivyo bado namwona mwalimu akiiandika hesabu hiyo ubaoni kana kwamba ni jambo lililothibitishwa.

Ushahidi uliopuuzwa wenyewe ni mzuri ajabu. Thomas Harman, katika kijitabu chake juu ya wazururaji kilichotoka tena mwaka 1567, aliweka orodha ya maneno ya siri ya wezi na ombaomba, na hiyo ni miaka 37 kabla ya Robert Cawdrey kutoa kamusi yake ndogo ya maneno magumu yapatayo 2,500. Twamsifu Cawdrey kuwa baba wa kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini Harman alikwisha kuona kwamba ndani ya Kiingereza kimoja mna lugha isiyoeleweka na jirani. Vile vijitabu saba vya Martin Marprelate, vilivyopigwa chapa kwa siri katika miaka ya 1588 na 1589 kwa matbaa iliyohamishwa nyumba hadi nyumba, vinawasuta maaskofu kwa lugha ya barazani, yenye kukatizana maneno, kucheka, na kumjibu msikilizaji asiyeonekana. Atafutaye muundo wa mazungumzo ya wakati ule hatafuti mahali pabaya akianza hapo.

Juu ya maendelezo ya maneno nitasema kidogo. Watu kama John Hart, katika mwaka 1569, na William Bullokar, katika mwaka 1580, walipendekeza njia mpya za kuandika, na mapendekezo yao hayakushika. Mambo yalikuwa mikononi mwa wapanga herufi. Katika chapa kubwa ya tamthilia za Shakespeare ya mwaka 1623 wataalamu wamewatambua wapanga herufi mbalimbali kwa mazoea yao, mmoja akipenda doe na goe, mwingine do na go. Tena neno liliweza kurefushwa au kufupishwa ili mstari ujae sawasawa. Anayechukua umbo la namna hiyo na kulieleza kwa matamshi ya mwandishi ameibebesha herufi ya risasi mzigo usio wake.

Siku hizi maandishi hayo yako katika kompyuta. Orodha ya Pollard na Redgrave ya mwaka 1926, iliyokwenda mpaka mwaka 1640, na ile ya Wing iliyoendelea mpaka mwaka 1700, zilifuatwa na picha za filamu ndogo, na picha hizo zikawa msingi wa hazina ya sasa. Matini zipatazo 25,000 zilizochapwa upya kutoka humo zilifunguliwa kwa watu wote tarehe 1 Januari 1915 + 100, yaani 2015. Ni neema kubwa kwa sisi tulio mbali na London. Lakini katika kioo cha kompyuta kijikaratasi cha Caxton na kitabu kinene cha sheria vyaonekana kwa ukubwa mmoja, na tuhesabupo maneno, kitabu hicho humeza nyimbo mia za nusu peni ambazo pengine zilisikiwa na watu wengi zaidi. Tena waliochagua matini za kuchapa upya walipendelea toleo la kwanza la kila kitabu, kwa hiyo mabadiliko ya lugha kutoka toleo hadi toleo hubaki gizani.

Na hata hazina hiyo ni masalio tu. Thomas Bodley, mwenye kujenga maktaba ya Oxford, alimwandikia mtunza vitabu wake katika mwaka 1612 akimkataza kuweka takwimu na tamthilia, akiziona kuwa takataka. Kinyume chake George Thomason, mwuza vitabu wa London, alikusanya vijitabu zaidi ya 22,000 kati ya mwaka 1640 na 1661, wakati wa vita vya mfalme na bunge, na katika vingi vyake aliandika kwa mkono siku alipokipata. Kwa kalamu yake mwanalugha aweza kujua neno fulani lilikuwa mtaani mwezi gani. Samuel Pepys naye alihifadhi nyimbo zipatazo 1,800, ambazo ziko Cambridge mpaka leo. Nimejiuliza mara kadhaa ni nani aliyetuwekea sisi, kwa namna hiyo, vijitabu vya Kiswahili vya dawa, vya ndoto na vya hadithi vilivyouzwa sokoni tangu chapa ilipoenea pwani, na sijamwona Thomason wetu. Tuliyo nayo kwa wingi ni magazeti ya serikali na ya misheni, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na kwa hayo ndiyo tunayoandika historia ya nathari yetu.