Heko, watunza santuri za Tanga

Kuna watu wanaostahili shukrani zetu na hawazipati: wanaosaka na kutunza santuri kongwe za taarabu ya Tanga. Bila wao, sauti ya ujanani ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, wengi wetu tungeisikia kwa kusimuliwa tu.

Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga mjini, ndivyo vilivyoipa taarabu gitaa la umeme na besi. Nyimbo zao zilitolewa na Mzuri Records ya Mombasa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizikusanya baadhi katika albamu iitwayo Nyota. Jambo jema, lakini albamu moja haibebi kila kitu. Zilizobaki zimo majumbani, kwenye makabati na chini ya vitanda.

Mtazame mkusanyaji makini akipewa santuri. Huishika kingoni, kamwe haigusi usoni. Huiinamisha kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo, kisha huipangusa kwa kitambaa laini akifuata mzunguko wa mifereji. Huzihifadhi zikiwa wima, kwani zikirundikwa kwa joto la pwani hupinda, na unyevu hulea ukungu kwenye majalada. Sindano ikichakaa huibadili mapema, maana sindano butu huila santuri.

Mimi huwapenda zaidi wanaowaita majirani, wakaiweka santuri ipigwe, na kumwacha kila mtu asikilize.