Wingi wa Kigiriki katika Istilahi za Mwili: Kanuni au Pambo?

Watetezi wa usanifu katika Kiingereza cha utabibu hushikilia kwamba nomino zilizotoka Kigiriki sharti zichukue wingi wa Kigiriki. Dai hilo lina mashiko kwa kiasi fulani. Katika "larynx", yaani zoloto, herufi x ni muungano wa g na s; shina halisi hufichuka katika "larynges", na ndilo linalounda pia "laryngitis", uvimbe wa zoloto. Vivyo hivyo "iris", lile duara la rangi jichoni, hutoa "irides", na d hiyo si nyongeza bali ni sehemu ya shina.

Hata hivyo, usanifu huo hauna msimamo. "Thoraces", wingi wa jina la kifua, huandikwa kwa c ya Kilatini mahali pa k ya Kigiriki: mgeni kapitia mlango wa Roma, wala halalamikiwi. Ila "phalange", umoja uliochongwa kutoka "phalanges", pingili za vidole, hukemewa kuwa kosa. Kwa nini? Msemaji wa Kiswahili ana haki ya kushangaa. Katika Kiarabu, ki- ya "kitabu" si kiambishi hata kidogo, kwani k ni konsonanti ya mzizi, na wingi wake ni "kutub". Kiswahili kiliisoma kuwa kiambishi cha ngeli, kikaunda "vitabu", na hakuna mhakiki anayedai "kutub" irejeshwe. "Phalange" ilizaliwa kwa uchanganuzi wa aina iyo hiyo. Kinacholindwa dhidi yake ni hadhi ya taaluma, si sarufi; kamusi za Kiingereza zenyewe huiorodhesha kando ya "phalanx".