Gari la Mwendo Kasi na Mvua za Roret: Namna ya Kulilaza Bila Kuliharibu

Katika nchi za baridi kama Sweden, Finland na Kanada, mwenye gari la mwendo kasi haliendeshi mwaka mzima. Theluji ikikaribia, analiosha, analiingiza bandani na kuliacha huko miezi mitano au sita. Barafu barabarani ni hatari, na chumvi inayomwagwa ili kuiyeyusha hula bati la gari bila huruma. Kwa miaka mingi wenzetu hao wamejifunza kwa undani namna ya kulaza gari likaamka zima.

Roret, katika Kaunti ya Kericho, hakuna theluji. Lakini kuna magari yaliyolala. Vijana wa Bureti, Sotik na Konoin wanafanya kazi Nairobi, Doha na Minnesota, na wengi wameacha magari yao kwa wazazi, chini ya mabati, kando ya majani chai. Mengi ni Subaru. Mapenzi hayo yana historia: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Watoto waliokuwa wakisimama kando ya barabara miaka ile ndio watu wazima wanaonunua magari hayo leo.

Ninalolichambua hapa ni moja ya magari hayo: Impreza WRX yenye turbo, ambayo mwenyewe yuko ng'ambo na huiacha kwao Roret kuanzia Machi hadi Desemba. Mwaka wa kwanza ilitunzwa kama tunavyozoea sote. Mwaka uliofuata ilitunzwa kwa utaratibu wa nchi za baridi, uliorekebishwa kufuata hali ya hewa yetu. Tofauti iliyoonekana ndiyo hoja yangu: gari lililosimama haliuawi na baridi, linauawa na maji. Na huku kwetu maji hayo tunayaleta wenyewe kwa kulitunza vibaya.

Mwaka wa kwanza: utunzaji wa mazoea

Gari liliegeshwa kwenye banda la mbao lenye sakafu ya udongo. Likafunikwa turubai la nailoni hadi chini. Handibreki ikavutwa. Kijana wa jirani akaachiwa funguo na maagizo ya kuliwasha kila Jumamosi kwa dakika kumi "ili betri isife". Kando ya ukuta wa nyuma palipangwa magunia ya mbolea ya chai.

Desemba betri ilikuwa imekufa licha ya Jumamosi zote hizo. Breki za nyuma zilikuwa zimegandana. Viti vilikuwa na ukungu wa kijani. Fundi alipofungua kifuniko cha oili, upande wa ndani ulikuwa na utando mzito wa rangi ya maziwa unaonata kidoleni: oili iliyochanganyika na maji. Alipogonga sehemu ya nyuma ya ekzosi na kuiinamisha, yalimwagika maji ya rangi ya kutu. Hakuna aliyemimina maji humo. Yalitoka wapi?

Maji yanatoka kwenye petroli

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Haidrojeni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na kinachopatikana ni mvuke. Gari likitembea safari ya kutosha, ekzosi hupata moto na mvuke wote hutoka nje. Likinguruma dakika kumi bandani, ekzosi haipati moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji na kubaki humo. Sehemu nyingine hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye oili, ambayo nayo haijapata joto la kuyafukuza. Dakika kumi hizo zinaweza kutoa karibu glasi moja ya maji. Rudia hivyo kila Jumamosi kwa miezi tisa.

Betri nayo haipati faida. Alamu na kompyuta hunywa umeme wiki nzima, stata huvuta mwingine kwa mkupuo, na dakika kumi za injini kunguruma taratibu hazitoshi kuurudisha wote. Kila Jumamosi betri huachwa chini kidogo kuliko ilivyokuwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nchi za baridi inafaa Roret kama ilivyo: gari likilazwa, lisiwashwe. Kama lazima liwashwe, basi liendeshwe nusu saa au zaidi, hadi oili ipate moto sawasawa. Katikati ya hayo mawili hakuna faida yoyote.

Maji yanatoka hewani

Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Mchana joto hufika nyuzi 23 hivi; usiku hushuka hadi 10 au 11. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta taabu.

Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 18 au chini yake. Bloku ya injini, giaboksi na diski za breki ni vyuma vizito. Hubaki na baridi ya usiku hadi saa nne au saa tano asubuhi. Hewa ya mchana ikiingia bandani inakutana na chuma hicho na kuacha maji juu yake. Ukishika diski wakati huo, kidole kinatoka na maji hata kama hapajanyesha. Tena chuma hakihitaji kulowa ndipo kianze kuliwa: unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, kutu huongeza kasi.

Wenzetu wa nchi za baridi huweka mashine za kukausha hewa na kushikilia unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Hapa umeme hukatika na mashine hizo ni ghali. Kilichofanywa mwaka wa pili ni rahisi zaidi, na hatua zake ni tatu.

Ya kwanza, nailoni ilitolewa juu ya gari ikatandikwa chini yake. Sakafu ya udongo hupumua maji usiku na mchana, na turubai juu ya gari huyazuia yasitoke. Karatasi nzito ya nailoni ilitandazwa sakafuni, mbao zikawekwa juu yake, gari likaingia juu ya mbao. Juu ya gari likawekwa shuka kubwa la pamba, linalozuia vumbi na kuruhusu hewa. Sakafu ya saruji isiyo na nailoni chini yake hupitisha unyevu vilevile, kwa hiyo mwenye saruji asijione salama.

Ya pili, ukuta ulifunguliwa nafasi mbili zenye wavu wa chuma, moja chini upande upepo unakotoka, nyingine juu upande wa pili. Feni ndogo ya volti 12 inayotumia sola ikafungwa kwenye nafasi ya juu. Hewa inayotembea hukausha umande kabla haujafanya kazi yake.

Ya tatu, paa lilikaguliwa misumari yote. Ukanda wa Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa hapa kunyunyiza iodidi ya fedha mawinguni ili kuokoa chai. Kinachochana jani la chai huacha pia alama kwenye boneti nyepesi ya alumini. Turubai peke yake halizuii. Mabati yanazuia.

Chumvi yetu ni mbolea

Hili ndilo ninalotamani kila mkulima alisikie. Katika nchi za baridi adui ni chumvi ya barabarani. Sisi tunadhani hatuna, kumbe tumeipanga bandani. Mbolea ya NPK 26:5:5 inayoletwa kwa wakulima wa chai kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, ni chumvi za amonia na potasiamu. Huvuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana gunia lililofunguliwa hushikamana na kuwa jiwe. Vumbi lake likitua kwenye chuma baridi chenye umande, linakuwa maji ya chumvi yanayokula bati, nati na viungio vya waya za umeme.

Kwenye Impreza ile ushahidi ulikuwa wazi. Nati za sasipensheni upande wa nyuma, uliokuwa karibu na magunia, zilikuwa na kutu ya magamba. Za mbele zilikuwa na kutu hafifu tu. Gari ni lile lile, mvua ni ile ile, banda ni lile lile. Mwaka wa pili mbolea ilihamishiwa stoo nyingine, na gari lilioshwa chini kwa maji mengi, hasa ndani ya matao ya magurudumu ambako tope jekundu hukaa na kushika unyevu kwa miezi. Kisha likaendeshwa hadi Litein na kurudi ili likauke kabla ya kuingia bandani.

Betri, matairi na breki

Gari la kisasa halilali kabisa. Alamu, saa na kompyuta huendelea kunywa umeme. Tuseme ni miliampia 50: kwa siku ni ampia-saa 1.2, na betri ya ampia-saa 55 itakauka kwa mwezi mmoja na nusu. Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari, muda unapungua zaidi. Betri ya asidi ikikaa bila chaji, sahani zake hupata ugumu wa salfa usioondoka.

Dawa yake ni kuchomoa waya wa hasi, kutoa betri na kuiweka ndani ya nyumba mahali pakavu. Iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7 ikiwa imepumzika. Ikishuka hadi 12.4, ichajiwe. Kijana aliyekuwa akiwasha gari kila Jumamosi alipewa mita na kazi mpya: kupima betri mara moja kwa mwezi na kuandika namba kwenye daftari.

Matairi yalijazwa upepo zaidi ya kawaida, bila kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ili yasibonyee upande mmoja. Kila mwezi gari lilisukumwa kidogo, matairi yakalalia sehemu nyingine. Handibreki haikuvutwa, gari lilizuiliwa kwa vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Breki iliyobanwa ikiwa na umande hugandana kwa kutu.

Oili, petroli na maji ya rejeta

Oili ibadilishwe kabla ya kulaza gari, wala isingojwe siku ya kuliamsha. Oili iliyotumika ina asidi na maji. Ukiiacha humo miezi tisa, inakula beringi za turbo na za injini polepole. Tangi lijazwe, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi na petroli isipoteze nguvu haraka.

Kuhusu rejeta, kuna dhana kwamba kulanti ni ya nchi zenye barafu. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu huzuia maji yasigande hadi nyuzi 37 chini ya sifuri, na joto hilo Roret halitafika. Lakini kulanti ina kazi ya pili: imewekwa dawa za kuzuia kutu. Injini ya Impreza hii ni ya alumini, na maji ya mtoni au ya bomba yakikaa humo bila dawa hutoboa njia zake. Tunaihitaji bila kuwa na barafu.

Panya

Banda lililo karibu na ghala la mahindi ni nyumba ya panya, na waya za injini ni chakula na tandiko lao. Bomba la ekzosi na mdomo wa kuingizia hewa vilizibwa kwa wavu wa chuma, na karatasi nyekundu ikabandikwa kwenye usukani ili asiwepo wa kusahau kuutoa. Paka alifanya kazi iliyobaki. Sumu haikutumika, kwa sababu panya hufia ndani ya dashibodi, na kuku wa boma wako karibu.

Kuamka

Desemba iliyofuata, hatua zilikuwa fupi. Wavu ulitolewa, waya zikakaguliwa, betri ikarudishwa ikisoma volti 12.6. Fyuzi ya pampu ya mafuta ilichomolewa na stata ikapigwa kwa sekunde chache mara mbili, ili oili ifike kwenye turbo kabla injini haijashika kasi. Fyuzi ikarudishwa, gari likawaka. Breki zilikwaruza kidogo hadi kufika barabarani, kisha zikatulia. Chini ya kifuniko cha oili palikuwa pasafi.

Gharama kubwa ilikuwa oili na feni. Nailoni, mbao, wavu na shuka ni vitu vinavyopatikana Litein siku ya soko.

Basi wewe uliye mbali na gari lako liko nyumbani, mpigie simu leo anayelitunza. Mwambie mambo matatu: asiliwashe tena bila kuliendesha, aondoe turubai, na ahamishe mbolea. Mengine yanaweza kungoja hadi utakaporudi. Hayo matatu hayangoji mvua ya Aprili.