Kasi ya ProBook ya mtumba imefichwa wapi

Mtu anayetaka kujua kompyuta mpakato ya kazini ya daraja la chini inavyoishi aje Chimwaga. Jengo lile lilikuwa ukumbi wa mikutano mikuu ya CCM kabla Chuo Kikuu cha Dodoma hakijaanzishwa mwaka 2007. Leo liko ndani ya chuo ambacho ndaki zake zimetawanyika vilimani, na mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona hushinda na mashine yake mgongoni kutwa nzima. Mara nyingi mashine hiyo ni HP ProBook, Dell Latitude ya namba za 3000 au ThinkPad ya herufi E. Imetumika miaka kadhaa katika ofisi ya ughaibuni, ikapita Dubai, ikashukia Kariakoo, kisha ikanunuliwa siku bumu, yaani pesa ya mkopo wa mwanafunzi, lilipoingia.

Malalamiko ya wenye mashine hizi yanafanana. Inachelewa kuwaka. Ukifungua Word pamoja na kivinjari, inaganda. Asubuhi inakwenda vizuri, ikifika saa nane mchana imekuwa nzito na feni inavuma. Karibu kila mtu huhitimisha kwamba prosesa imechoka, kwa kuwa prosesa ndiyo aliyoitaja muuzaji kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nasema prosesa ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Pesa kidogo aliyonayo mwanafunzi ina mpangilio wake wa kutumika, na akiufuata mashine hiyo itamfikisha mwaka wa mwisho bila kumkwamisha.

Tuchukue ProBook 450 G4, iliyotoka mwishoni mwa 2016. Nyingi zina Core i5-7200U: viini viwili, nyuzi nne, GHz 2.5 zinazopanda hadi 3.1 kazi inapozidi, na matumizi ya umeme yaliyopangwa kuwa wati 15. Prosesa hiyo hiyo ilikuwa inawekwa kwenye EliteBook 840 G4, mashine ya wakubwa. Kwa Word, SPSS, mihadhara ya PDF na kikao cha Google Meet, inatosha kabisa. Watengenezaji walishusha bei kwa kukata mahali pengine: ganda, kioo cha 1366 kwa 768 ambacho hakionekani vizuri ukikaa karibu na dirisha lenye jua la Dodoma, kipande kimoja tu cha RAM, na diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika.

Diski hiyo ndiyo mzizi wa tatizo, na hesabu yake inafaa kufanywa hadharani. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbele, yaani milisekunde tano na nusu. Kabla ya hapo, mkono wenye kichwa cha kusomea umeshatumia milisekunde kama kumi kusogea hadi kwenye njia inayohusika. Jumla inakaribia milisekunde 16 kwa kila kipande kidogo kilichokaa peke yake, na kwa mwendo huo diski inahudumia vipande sitini hivi kwa sekunde. Windows inapowaka inaomba maelfu. Wakati huo huo kinga ya virusi inataka kukagua, masasisho yanataka kujipakua, na huduma ya utafutaji inataka kuorodhesha mafaili. Zote zinasubiri mkono mmoja. Mashine ikiganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie: mara nyingi utakuta prosesa inatumika asilimia chache tu, huku diski imefika 100.

SSD haina mkono wala sahani ya kuzunguka. Hata ile ya kawaida ya SATA huleta kipande kidogo kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Hapa ndipo wengi hupotoshwa na kipimo. Ukinakili filamu moja kubwa, diski ya zamani inatoa takriban MB 100 kwa sekunde na SSD ya SATA takriban 500, tofauti ya mara tano, na mtu anajiuliza kama inastahili gharama. Lakini kuwaka, kufungua Word au kupekua barua pepe ni kazi ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na huko tofauti ni ya mara mia na zaidi. Mashine iliyokuwa inakufanya uende kuchota maji ndipo urudi sasa inakuwa tayari kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Mtaani dawa iliyozoeleka ni kupiga Windows upya. Inaleta nafuu, kwa sababu programu zinazojiwasha zenyewe zimepungua na diski imepata nafasi. Kisha programu zinarudi, masasisho yanarudi, mkono ni ule ule, na baada ya muda mwanafunzi yuko tena kwa fundi na pesa nyingine. Inaniuma kuona mtu analipia kupiga Windows mara kadhaa kwa mwaka, wakati pesa hiyo ikijumlishwa ingeikaribia bei ya SSD ndogo.

Namna ya kubadili si ya kutisha, na hapo ndipo mashine za kazini zinapozishinda zile za nyumbani. Zimeundwa zikijua kwamba siku moja fundi wa ofisi atazifungua. Zina skrubu za kawaida, na mwongozo wa kuzifungua hatua kwa hatua umetolewa na kampuni yenyewe bila malipo. Kwenye 450 G4 kuna nafasi ya diski ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2, kwa hiyo SSD inaweza kukaa kwenye M.2 huku diski ya zamani ikibaki kuhifadhi picha na mihadhara. Angalizo moja: SSD za M.2 za SATA na za NVMe zinafanana kwa macho lakini si kila tundu linazipokea zote mbili. Soma mwongozo wa mashine yako kabla hujalipa.

Kuhamisha Windows kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 256 kuna mtego wake. Programu ya bure kama Clonezilla, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hukataa kunakili kutoka diski kubwa kwenda ndogo, hivyo inabidi kwanza kuibana sehemu ya Windows ipungue. Mimi naona ni bora kuweka Windows mpya moja kwa moja kwenye SSD, mafaili yakiwa yamehifadhiwa pembeni. Watu wanaogopa leseni bila sababu: mashine za kampuni hizi zilizouzwa na Windows 8 kuja juu zina namba ya leseni ndani ya ubao mama, na toleo likiwa lile lile, Windows huisoma yenyewe. Hakuna haja ya zile programu za kuvunja kufuli zinazopita kwa flashi kutoka chumba hadi chumba. Nyingi huja na virusi, kisha mashine inakuwa nzito kwa sababu ambayo SSD haiwezi kuitibu.

Baada ya diski, RAM. GB 4 zilizokuja na mashine hizi zilikuwa za kutosha enzi zake. Leo Windows ikishawaka imekwisha kula karibu nusu, kioo nacho kinakopa humo humo kwa kuwa hakuna kadi ya picha ya peke yake, na kivinjari chenye WhatsApp, Google Drive na kurasa kadhaa za majarida kinamaliza kilichobaki. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada diskini. Kwenye diski ya kuzunguka hilo ndilo linalogandisha kila kitu. Kwenye SSD unahisi kusitasita tu, na kwa sababu hiyo nasisitiza diski itangulie. Kipande cha pili cha RAM kina faida ambayo wauzaji hawaitaji: vipande viwili husomwa kwa pamoja, upana wa njia ya data unatoka biti 64 kwenda 128, na michoro ya kwenye kioo hunufaika zaidi.

Joto ni suala la Dodoma hasa. Jiji liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inabeba joto pungufu. Mvua za mwaka hazifiki milimita 600 na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni upepo na vumbi jekundu jepesi linaloingia kila mahali. Vumbi hilo hushikana na nyuzi za blanketi na nywele, likatengeneza kitambaa kizito kati ya feni na mapezi ya kupozea. Nje feni inaonekana safi, hata ukiipuliza kwa mdomo. Ndani, hewa haipiti.

i5-7200U imewekewa kikomo cha nyuzi joto 100. Ikikaribia hapo, inajipunguzia kasi ili isiungue. Ndiyo siri ya mashine iliyo nyepesi asubuhi na nzito mchana. Ukurasa ule ule wa Ctrl, Shift na Esc unaonyesha kasi ya prosesa kwa GHz. Ikiwa kazi ni nyingi na namba imekaa chini kabisa ya 2.5, anza kushuku joto. Kusafisha kunahitaji kufungua ganda, kuondoa kile kitambaa cha vumbi kwa mkono, na kuizuia feni kwa kidole au kijiti unapopuliza kwa blowa, maana ikizungushwa ovyo mhimili wake huharibika. Ule mgando wa kijivu kati ya prosesa na bamba la shaba, ambao mafundi wanauita pesti, hukauka kwa miaka, na kuupaka upya hugharimu kidogo. Kwa Chimwaga, kazi hii ifanyike kila mwaka kiangazi kinapokwisha. Na mashine isiwekwe juu ya godoro, kwa kuwa matundu ya kuvutia hewa yako chini.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni chaja. Dell na HP huweka waya mwembamba katikati ya pini ya chaja unaoiambia mashine chaja hiyo ni ya wati ngapi. Chaja ya bandia, au halisi iliyokunjwa hadi waya huo ukakatika, inaweza kuwasha mashine bila kutambuliwa. Latitude nyingi zikishindwa kuitambua chaja hukataa kuchaji betri na kuibana prosesa katika kasi ya chini kabisa. Mwenyewe anaona taa inawaka, anaamini umeme uko sawa, na analaumu Windows. Kuna ujumbe unaotokea wakati wa kuwaka kuhusu aina ya chaja. Wengi wanabonyeza kitufe na kuupita. Usomeni.

Betri za mtumba hazina mjadala mrefu. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao. Fanya hivyo dukani kabla hujatoa pesa. Ikiwa imebaki nusu, hilo liingie kwenye bei.

Watumishi wa Mji wa Serikali Mtumba wana mahitaji yanayotofautiana kidogo na ya wanafunzi. Kazi zao nyingi zimehamia kwenye mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, kama NeST ya manunuzi, iliyochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na ESS ya watumishi. Hapo mzigo uko kwenye RAM na mtandao, na mashine ya GB 8 yenye SSD inafanya kazi ile ile ya mashine ya bei mara tatu yake.

Wapo wanaokimbilia mashine mpya ya bei ndogo wakiamini upya wake ni kinga. Nyingi zina Celeron N4020, viini viwili vinavyoanzia GHz 1.1, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya GB 64 ambayo nayo imechomelewa. Hakuna cha kuongeza. Masasisho makubwa ya Windows yakija, nafasi inaisha. Ningekuwa na mdogo wangu anayeingia mwaka wa kwanza, ningemwambia achukue ProBook ya mtumba inayofunguka.

Lakini ningemwambia na hili. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kuja juu, isipokuwa chache za kizazi cha saba, ambamo i5-7200U haimo. Kwa hiyo kama bado hujanunua, tafuta 450 G5 au Latitude 3490 yenye i5-8250U: ina viini vinne badala ya viwili, na Windows 11 inaikubali. Kama tayari unayo ya kizazi cha saba, angalia programu zako. Anayeishi ndani ya kivinjari na LibreOffice anaweza kuhamia Linux Mint, na anaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilicho diskini. Anayehitaji ArcGIS abaki na Windows, ajiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza ambayo Microsoft imeyaweka hadi Oktoba 2026, na atumie muda huo kujichangia mashine ya kizazi cha nane, huku SSD na RAM ya sasa, kama zinaingiliana, zikihamia humo.