Kinjeketile na Neno Lililomzidi Msemaji

Tangu Ebrahim Hussein achapishe tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, mhusika wake mkuu amekuwa akisomwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaomwona kuwa shujaa aliyeyaunganisha makabila ya kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani. Wapo pia wanaomhesabu kuwa mlaghai, kwa kuwa maji yake hayakuzuia risasi. Usomaji wa namna zote mbili unampunguza mhusika huyu. Hussein ametahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia, aliyenyongwa mwezi Agosti 1905. Huyu ni kiumbe cha sanaa, na swali analobebeshwa ni hili: mtu afanyeje na uwezo uliotoka kinywani mwake ambao haumo tena mikononi mwake?

Mtunzi analijenga swali hilo hatua kwa hatua. Kwanza anaonyesha njaa, kazi za shuruti na makabila yasiyoaminiana. Yaani anaonyesha haja ya neno kabla ya kumleta msemaji. Kinjeketile anapopagawa na kuahidi maji, umma unaupata umoja uliokuwa ukiutafuta. Lakini anapozinduka anaambiwa kwamba alitamka pia kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Hapo anatambua kwamba ahadi ya uhuru imebeba mbegu ya utumwa mwingine. Tangu wakati huo nguvu zake mbele ya watu zinaongezeka, na uhakika wake moyoni unapungua. Anataka wasubiri, wao wanataka vita. Ukuu wa mhusika huyu umo katika mwachano huo, wala haumo katika miujiza.

Kama mwachano huo ni ubunifu mtupu au una mizizi katika maisha, historia ya Wagusii yaweza kutoa ushahidi. Nao walishambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka ule ule wa 1905, na tena mwaka 1908. Mtabiri wao Sakawa alikumbukwa kuwa aliagua kuja kwa Wazungu na kuondoka kwao, kisha akatoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Septemba 1914 vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Kisii, na maofisa wakauhama mji kwa muda, watu waliuvamia na kuupora. Wengi waliona kwamba utabiri umetimia. Mwaka uliotangulia, Onyango Dunde wa Alego alikuwa ametangaza kwamba alimezwa na kutapikwa na Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, na imani hiyo ikaota mizizi Ugusii. Msomaji ataikumbuka mara moja safari ya Kinjeketile ndani ya maji ya Rufiji.

Ulinganisho huu unadhihirisha uamuzi wa kisanaa wa Hussein. Neno la Sakawa lilitenda kazi bila Sakawa, kwa hiyo hakulazimika kulijibia. Kinjeketile ananyimwa nafuu hiyo. Mtunzi anamwacha hai kando ya neno lake, alione likikua, likiua, na likikataa kurudi. Tanzia ya mchezo huu imo katika kuishi huko.

Hata hivyo, ulinganisho huo huo unafichua upungufu. Januari 1908, katika nchi ya Kitutu, ambayo leo imo katika kaunti za Kisii na Nyamira, Otenyo alimchoma mkuki ofisa Northcote, naye akapona. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, kuwa ndiye aliyewachochea vijana. Huko neno lilikuwa la mwanamke na tendo la kijana. Katika tamthilia, wake wa Kinjeketile na wa Kitunda ndio wanaoizungumzia njaa mapema kabisa, lakini mgogoro unapokomaa wanasukumwa pembeni. Hussein ameukusanya utabiri wote na shaka yote ndani ya mwanamume mmoja. Amepata mhusika mzito. Amepoteza nafasi ya kuonyesha jinsi uwezo wa namna hiyo unavyogawanywa katika jamii.

Upungufu huo hauivunji tamko la mwisho. Gerezani, Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa maji yameshindwa, kwa sababu kukiri huko kungegeuzwa kuwa ushahidi kwamba kupigania haki kulikuwa kosa. Asingeweza kulitawala neno lilipokuwa na nguvu. Aliweza tu kukataa kulitoa kwa adui lilipokuwa limeshindwa. Anayemwita mlaghai hana budi kueleza kwa nini mlaghai afe kwa neno ambalo mwenyewe alikwisha kulitilia shaka, na anayemwita shujaa hana budi kuihesabu shaka hiyo kuwa sehemu ya ushujaa wake.